Mgeni wa Dola Elfu Thelathini na Nane

Chumba cha Blia Moua katika shule ya kati ya Kettle Fork kilikuwa zamani stoo ya magodoro ya mazoezi, na hata baada ya miaka kumi na tisa, siku za joto kilinuka jasho la watoto ambao sasa wana watoto wao. Dirisha hakikuwa nalo. Mlangoni palibandikwa kibao kilichoandikwa "Mawasiliano ya Familia", maneno ambayo hayakuwa na maana kwa familia yoyote. Wahmong wa mji ule, wakimbizi wa zamani kutoka Laos, walisema tu, "Nenda kwa Blia." Basi limemwacha mtoto njiani: nenda kwa Blia. Imekuja barua na haijulikani ni ya kodi au ya chanjo: nenda kwa Blia. Mwalimu ameita wazazi, na wazazi hawajui wanaitwa kusifiwa au kugombezwa: nenda kwa Blia, haraka, kabla hatujavaa nguo nzuri bure.

Ukalimani aliuanza kabla meno yake ya utotoni hayajamalizika kung'oka. Alizaliwa kambini Thailand, akaletwa Wisconsin akiwa na miaka sita, na alipokuwa darasa la tatu alishamwambia baba yake, kwa niaba ya daktari, kwamba ini lake halitapona. Tangu siku ile alijua kwamba mkalimani husikia yote na haulizwi lolote. Alikuwa amelizoea jambo hilo, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini kuzoea si kupenda, na mwaka ule aliotimiza miaka hamsini na moja, kiatu kilianza kumtoa malengelenge.

Mambo yalianza Oktoba, siku Bibi Mee Xiong alipoingia ofisini kwa mwalimu mkuu amevaa kandambili juu ya soksi za sufu, na koti la mwanawe lililomfika magotini. Mjukuu wake, Pajai, alikuwa na miaka kumi na miwili. Blia alikaa katikati, mahali pake pa siku zote.

"Mwambie huyu mwalimu," alisema Bibi Mee, "chakula cha mjukuu wangu kimetupwa kwenye pipa. Leo mara ya pili. Hakikumwagika, kimetupwa. Wali wangu wa kunata na nyama niliyoamka alfajiri kuipika. Na wanamwita mtoto kirusi cha ugonjwa, wanaziba pua akipita. Mwambie aliyetupa namjua, na kwao nakujua."

Blia akasema yote hayo kwa Kiingereza, hakuacha hata ile alfajiri.

Mwalimu mkuu, Bwana Kubiak, alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio uliokuwa ukimmaliza Blia nguvu. Aliinamisha kichwa, akakutanisha vidole vyake, akasema, "Tunalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa sana."

"Anasemaje?"

"Anasema ni jambo zito."

"Mimi ndiye niliyemwambia kuwa ni zito! Yeye anasemaje?"

Bibi Mee alieleza anachotaka, na hakikuwa kigeni kwa Mhmong yeyote. Wazazi wa msichana aliyetupa chakula waje. Wakae upande huu wa meza, watu wa Pajai wakae upande ule. Kosa litajwe kwa jina lake, mkosaji aombe radhi mbele ya wote, kisha watu wale pamoja, yaishe. Hakutaka mtoto afukuzwe, wala hakutaka polisi. Alitaka meza.

Bwana Kubiak alisikitika kwa dhati. Alisema sheria za faragha hazimruhusu kutaja jina la mwanafunzi mwingine, wala kuzikutanisha familia.

"Anasema ni siri," alisema Blia, kwa kuwa neno jingine hakuwa nalo.

"Siri?" Bibi Mee aliwatazama wote wawili kama watu waliougua ghafla. "Watoto mia sita wameona kantini. Siri anamficha nani? Mimi?"

Basi ikajazwa fomu, fomu yenye visanduku kumi na vinne, na hakuna hata kimoja cha bibi anayetaka kukaa mezani. Blia aliweka alama kwenye "Mengineyo". Novemba akajaza nyingine, Desemba nyingine tena. Wakati huo Pajai alikuwa ameshaacha kuingia kantini. Blia aliligundua hilo alipokwenda msalani saa sita mchana, akasikia nyuma ya mlango uliofungwa mtu akitafuna, polepole, kama anayeogopa kusikika. Akaona chini ya mlango viatu anavyovijua. Akanawa mikono, akatoka, akasimama koridoni. Kuanzia kesho yake Pajai alikuwa akila chumbani kwake, kati ya kabati na mashine ya kunakili iliyokufa. Fomu zote tatu zilirudi zikiwa na mhuri: "Imepokelewa."

Januari ndipo ilipotoka ile video. Mtu alikuwa amewapiga picha wasichana wanne kantini wakivuta macho yao kwa vidole yawe membamba kama ya Pajai, wakimfuata, wakikohoa kwa mzaha. Ilikuwa ya tangu Oktoba, lakini ilipofika mitandaoni ilienea kama moto wa nyasi, na kufikia Ijumaa gari la televisheni lilikuwa limeegeshwa mbele ya shule. Lililoshindikana kwa fomu tatu likawezekana kwa kamera moja. Mkurugenzi wa shule za wilaya, Bi Tollefson, akamwita Blia.

"Blia! Kaa, kaa. Nina habari itakayokufurahisha."

Kwa miaka kumi na tisa, habari ya kumfurahisha Blia haijawahi kutoka ofisi ile. Akakaa.

"Corinne Baek!"

"Ndiye nani?"

"Corinne Baek! Yule daktari wa tamthilia ya hospitali. Siku hizi anazunguka shule nchi nzima akizungumzia ubaguzi wa rangi. Anakuja hapa. Kettle Fork! Nilijua utapenda. Ni mtu wenu."

"Wetu akina nani?"

Bi Tollefson alibabaika kidogo. "Nina maana... mwenye asili ya Asia."

"Si ni Mkorea? Na amezaliwa California."

"Hasa!" alisema Bi Tollefson, kana kwamba amejibiwa.

Kisha akataja bei, kwa sauti ya mtu anayetaja uzito wa samaki aliyemvua mwenyewe: dola elfu thelathini na nane kwa saa moja, tiketi ya ndege kando. Mshahara wa Blia wa mwaka mzima haukufika hapo. Akainuka kuondoka. Alipofika mlangoni, Bi Tollefson akamkumbusha, "Na ile barua pepe ya ratiba ya mwaka ujao isikutie hofu. Ni rasimu tu."

Blia alikuwa hajaiona. Akarudi chumbani, akaifungua. "Nafasi ya mkalimani wa Kihmong: nusu ya muda." Akaifunga, akaifungua tena, kama mtu anayefungua friji mara ya pili kuona kama chakula kimeongezeka.

Mkataba wa mgeni ulikuwa na kurasa kumi na moja, na kwa kuwa watu wenye ofisi zenye dirisha walikuwa na mambo mengine, nusu ya kazi ikamwangukia Blia. Maji yasiwe baridi wala moto. Picha zisipigwe ila kwa mpango. Maswali yapelekwe wiki mbili kabla, yachujwe. Chakula kisiingizwe ukumbini kwa sababu ya harufu. Hilo la mwisho lilimpa kazi kubwa zaidi, maana akina mama wa Kihmong walikuwa wameshagawana nani atachemsha kuku na nani atakaanga roli za nyama na mboga.

"Hatakula?" aliuliza mmoja kwenye simu.

"Hatakula, shangazi. Anapitiliza hadi uwanja wa ndege."

"Mgeni asiyekula! Huyo si mgeni, huyo ni mkaguzi."

Akapiga simu kwa familia arobaini na tatu ili wazee wajaze viti, kwa kuwa televisheni ingerudi. Mazungumzo yenyewe yaliitwa "Sauti Zetu, Uanuwai Wetu, Nguvu Yetu". Kihmong hakina neno la uanuwai. Blia alijaribu "watu wa kila namna kukaa mahali pamoja".

"Si ndivyo tulivyo tayari?" alisema Mzee Lor, aliyekuwa na umri wa miaka themanini na jibu kwa kila kitu. "Sasa anakuja kutuambia nini?"

"Sijui, babu. Njoo tu."

Jumamosi moja binti yake, Gaonou, aliyekuwa akisomea ualimu chuoni Eau Claire, alikuja nyumbani kufua nguo. Walikuwa jikoni wanakatakata giligilani, na Blia alikuwa anaikata kama amekosana nayo.

"Elfu thelathini na nane! Kwa pesa hiyo ningepata msaidizi mwaka mzima. Ningewapeleka walimu wote nyumba kwa nyumba wakaone watoto wanatoka wapi. Lakini hapana. Tuletewe mtu wa kwenye skrini aje kutuambia kubaguliwa kunauma."

"Mama, nisikilize bila kunirushia kisu."

"Sema."

"Mimi nilipokuwa darasa la nane, hapa hapa, kama mtu anayefanana nami angesimama mbele ya ukumbi mzima, watu wote wamenyamaza wanamsikiliza yeye, ningekumbuka mpaka leo. Wewe ulikuwepo kila siku, lakini wewe ni mama yangu. Ulikuwa stoo."

Blia alisimamisha kisu. "Nilikuwa stoo?"

"Sina maana mbaya. Nasema ndiko walikokuweka. Hakuna aliyekuona."

"Basi wangenitoa stoo! Ni bure, mlango tu!"

Gaonou alicheka, na Blia hakucheka, kwa sababu mtoto alikuwa amesema kweli na yeye hakupenda njia ambayo kweli ile ilipitia.

Siku yenyewe, katikati ya Februari, theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya magari. Wazee walikaa safu mbili, wenye vipokea sauti masikioni, na Blia alisimama pembeni akiwanong'onezea kupitia maikrofoni ndogo. Corinne Baek aliingia kwa makofi, mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe na sauti nzuri.

"Huyu ndiye yule daktari!" Bibi Mee alisema kwa nguvu, maana mwenye vipokea sauti hajui anapiga kelele kiasi gani. "Blia, muulize habari ya goti langu!"

"Si daktari, Bibi. Anaigiza."

"Lakini kasomea?"

"Bibi, naomba nisikilize."

Mgeni aliuita mji "Kettle Falls", na watoto mia sita wakaguna. Akasema kila mmoja ajipende alivyo. Blia akatafsiri. Akasema kila mmoja asimame ndani ya ukweli wake. Blia akajiuliza. Atalipelekaje hilo kwa Kihmong? Akasema, "Anasema usiseme uongo."

"Nani kasema uongo?" aliuliza Mzee Lor.

Ikawa hivyo kwa nusu saa, maneno laini yakishuka, na Blia akiyapokea moja moja kama mtu anayepokea mizigo mitupu kutoka kwenye lori na bado inamchosha mgongo. Hasira zilimpanda mpaka nywele za shingoni. Ndipo mgeni akaacha kuangalia karatasi.

"Nilipokuwa na miaka kumi na miwili," alisema, "nilikuwa nakula chakula cha mchana chooni. Mwaka mzima. Nilijifunza kutafuna bila sauti."

Blia akatafsiri neno kwa neno, mpaka lile la kutafuna bila sauti. Katika safu ya tano Pajai, ambaye alikuwa ameinama tangu mwanzo, aliinua kichwa, akamtazama yule mwanamke kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani katika mji wa ugenini. Na Blia aliliona hilo. Angependa kusema hakuliona, ili hasira yake ibaki nzima, lakini aliliona.

Yakaja maswali yaliyochujwa. La kwanza: anapenda sehemu ipi ya tamthilia? La pili: ana mbwa? Kabla ya la tatu, Bibi Mee akasimama. Hakunyoosha mkono. Alisimama tu, kandambili na yote, akaanza kusema. Wasaidizi walitazamana. Bi Tollefson alimtazama Blia, na macho yake yalisema mketishe. Blia akaivua ile maikrofoni ndogo, akaenda akachukua kubwa iliyokuwa kwenye mhimili wake.

"Anakuuliza," alisema kwa Kiingereza, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kwa ukubwa, "wewe uliyekula chooni. Waliokufanyia hivyo, wazazi wao walikuja kwenu kuomba radhi?"

Corinne Baek aliiweka karatasi yake chini. "Hapana," alisema. "Hakuja mtu."

"Anauliza, ungependa waje?"

"Ndiyo. Ningependa sana. Mama yangu angependa zaidi."

"Basi anasema uwaambie hawa." Bibi Mee alikuwa ameshanyoosha kidole kuelekea safu ya mbele, walikokaa wakubwa wa wilaya. "Anasema mimi nimewaambia mara tatu, hawasikii. Wewe wamekulipa, watakusikia."

Kicheko kiliripuka. Mgeni aliwageukia wakubwa. "Mmemsikia," alisema. "Mimi naondoka baada ya dakika kumi. Bibi huyu haondoki."

Watu wakasimama wakapiga makofi. Na Bi Tollefson naye alisimama, akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, machozi yakimlengalenga, kana kwamba lile lilikuwa wimbo na si ombi. Blia akiwa na maikrofoni mkononi alitamani kuitupa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja, na mwenyeji alipigiwa makofi kwa ugonjwa wake. Dakika kumi baadaye gari lilimwahisha Corinne Baek uwanja wa ndege kabla dhoruba haijafunga barabara.

Wiki moja ikapita. Ikaletwa karatasi ya maoni yenye vibonzo vya nyuso. Asilimia tisini na moja walichora duara kwenye uso unaocheka. Blia akaenda kwa Bwana Kubiak.

"Uliona watoto walivyoguswa?" alisema mwalimu mkuu.

"Niliona. Ile meza ya Bibi Mee lini?"

Bwana Kubiak alikutanisha vidole. "Unajua, Blia, faragha..."

Blia alitoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe.

Lililofuata halikutoka kwake. Bibi Mee alikuwa kwenye duka la Wahmong, akipimiwa samaki, alipoingia Nhia Vue, mume wa Blia, kununua gunia la mchele. Nhia alirudi nyumbani, akatua gunia, akasema, "Huyo msichana aliyetupa wali ni wa Zastrow gani? Rick? Wa kukata vioo?"

"Mimi sijakwambia kitu," alisema Blia haraka. "Nimesaini karatasi ya siri. Siwezi kutaja jina la mtoto."

"Wewe hujaniambia kitu. Bibi kaniambia kila kitu, mbele ya mzani wa samaki, na duka zima limesikia."

Nhia na Rick Zastrow walifanya kazi kiwanda kimoja cha madirisha. Kwa miaka kumi na moja walikula chakula cha mchana meza moja, na kila Novemba, msimu wa kuwinda kulungu, Rick alimletea Nhia maini na moyo, kwa kuwa kwao havikuliwa, na Nhia alimrudishia vikiwa vimepikwa na pilipili ya kutwanga. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Jumatatu Nhia alimwambia jambo lile akiwa anafungua chombo chake cha chakula. Rick aliacha kutafuna. Alisema mkewe alikuwa amepigiwa simu na shule, akaambiwa kumetokea "tukio", asiulize zaidi. Video haikuonyesha uso wa binti yake, mgongo tu, na yeye hakutaka kuutambua mgongo ule.

"Tuje lini?" aliuliza.

Walikuja nyumbani kwa Bibi Mee Jumapili ya pili ya Machi: Rick na kofia yake ya kiwandani, mkewe Darcy, na binti yao Brynn, msichana mrefu aliyeingia akiangalia zulia. Bibi Mee alikuwa ameunganisha meza mbili. Mzee Lor alikuja kusimamia, kwa sababu mambo kama hayo hayasimamiwi na mtu mmoja. Blia alijiambia kwamba amekuja kama jirani, si kama shule, lakini akakaa katikati vilevile.

Haikuwa nzuri kama watu wanavyopenda kuhadithia. Bibi Mee alizungumza dakika arobaini, akaanzia Laos, akavuka mto, akapita kambini, na alipofika kwenye wali wake Brynn alikuwa amechoka kulia na ameanza kusinzia. Darcy alisema, "Nadhani sote tunajua watoto ni watoto." Blia angeweza kulipunguza makali. Hakulipunguza.

"Ndiyo maana nimewaita wakubwa," alijibu Bibi Mee.

Rick alivua kofia. Alimgeukia binti yake na kumwambia kwa sauti ya chini, "Miaka kumi na moja nakula chakula kama hicho mkononi mwa huyu mzee. Umenipa aibu." Nhia alitazama dirishani, maana hakupenda kuitwa mzee na hakupenda kuona mwanaume mwenzake macho yamelowa.

Brynn aliomba radhi. Alisema neno moja moja, kama anayetoa mawe mdomoni, lakini alitaja alichofanya: pipa, na pua, na lile jina. Blia alipogeuka kumtafsiria Bibi, Pajai akamtangulia, kwa Kiingereza, akimtazama Brynn.

"Sitaki uwe rafiki yangu. Nataka nile tu."

Mzee Lor akauliza mtoto kasema nini. Akaambiwa. Akatikisa kichwa, akasema hilo ni neno lililokamilika, na sasa chakula kiletwe. Kuku alikuwa amepoa. Brynn alikula roli mbili na hakumtazama mtu. Urafiki haukuzaliwa pale wala baadaye, lakini Jumatatu Pajai alikula kantini, na hakuna aliyeziba pua.

Ijumaa Blia akaitwa. Barua ya onyo ilikuwa mezani kwa Bi Tollefson: mfanyakazi ameshiriki kukutanisha familia nje ya utaratibu. Na jina lake walikuwa wameliandika "Bila".

"Miaka kumi na tisa," alisema Blia. "Herufi nne."

"Samahani sana. Tutarekebisha."

"Bi Tollefson, naomba nikuulize jambo moja. Simchukii yule mgeni. Alisema neno moja la kweli na lilimfikia mtoto, nililiona kwa macho yangu. Lakini mlimlipa yeye aseme mnachopaswa kufanya, na sisi tulipofanya, mmeniandikia onyo. Sasa ile pesa ilinunua nini?"

Bi Tollefson hakukasirika. Alivua miwani, na kwa mara ya kwanza Blia alimwona amechoka. "Unadhani bila yeye kuja, yule bibi angesimama mbele ya mji mzima? Unadhani wewe ungechukua ile maikrofoni?"

Jambo lililomuudhi Blia kupita yote ya mwaka ule, kuliko fomu na mkataba na onyo lenyewe, ni kwamba pengine asingeichukua. Akasaini barua, lakini kwanza akalikata lile "Bila" kwa kalamu na kuandika jina lake.

Aprili bodi ya shule ilikaa kujadili bajeti, na pendekezo la kuifanya nafasi yake ya nusu muda lilikuwa kwenye orodha. Wazee wa Kihmong arobaini na kitu wakaja bila kuitwa, wakajaza viti, wakasimama ukutani. Mwenyekiti akauliza mkalimani yuko wapi. Akaonyeshwa. Ikabidi aelezwe kwamba mkalimani ndiye anayejadiliwa, na haifai ajitafsirie mwenyewe. Blia akakaa akiwa amebana mikono mapajani, na Gaonou, aliyekuja kwa basi kutoka Eau Claire, akashika maikrofoni.

Kwa saa nzima Blia alisikiliza watu wakimsema na hakuruhusiwa kutia neno. Lilikuwa teso jipya. Mwishowe bodi ikapiga kura: si nusu, si kamili, bali robo tatu. Wazee walitoka wakibishana kama huo ni ushindi.

Ndani ya gari Blia alifunga mkanda, hakuwasha.

"Umekosea mara tatu," alimwambia binti yake.

"Mama, tumeshinda. Karibu."

"Shangazi Yer alisema 'mwaka juzi', wewe ukasema 'mwaka jana'. Mjomba Chue alitaja watoto saba, ukasema sita. Na Mzee Lor. Mzee Lor alisemaje?"

Gaonou alianza kucheka. "Nililainisha kidogo tu."

"Ulisema, 'Mama huyu ni nguzo ya jamii yetu.'"

"Ndiyo."

"Mzee Lor alisema, 'Mwanamke huyu ni mkorofi, lakini hatuna mwingine.'"

"Ningewaambia hivyo bodi?"

"Hivyo hivyo!" Blia akawasha gari, akarudi nyuma kwa ghadhabu, karibu agonge kilima cha theluji chafu kilichobaki pembeni mwa maegesho. "Ndiyo ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote za jioni hii, na umewanyima."